Shahada Isiyo na Mlango Wake: Hesabu ya Kusomea Kriminolojia Kenya

Ili kusajiliwa kuwa konstebo wa polisi nchini Kenya unahitaji alama ya wastani ya D+ katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, umri wa kati ya miaka 18 na 28, afya njema na miguu ya kukimbia siku ya usajili. Ili kusomea shahada ya kriminolojia, yaani elimu ya uhalifu, unahitaji C+ na miaka minne ya chuo. Vijana wengi wanaoijaza kozi hii kwenye mtandao wa KUCCPS, shirika linalowapangia wanafunzi vyuo, huijaza wakiwa na sare akilini: DCI, ile idara ya upelelezi wa jinai, pengine ujasusi. Kwa hiyo mzazi anayeuliza, "Mbona tulipe karo ufike pale ambapo mwenzako wa D+ amefika bila kulipa?" ameuliza swali la haki, na anastahili kujibiwa kwa hesabu.

Jibu analopewa kwa kawaida ni orodha. Kijikaratasi cha chuo kitamwambia kwamba mhitimu anaweza kufanya kazi polisi, magereza, idara ya probesheni, Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi, benki, kampuni za ulinzi, mashirika ya kijamii na Umoja wa Mataifa. Hakuna uongo hapo. Kasoro ni kwamba orodha haisemi ni kazi ipi inayoihitaji shahada hiyo yenyewe, na ni ipi inayoikubali tu sambamba na shahada nyingine kumi.

Ukizichunguza moja moja, utaona kwamba hakuna kazi Kenya ambayo sheria imemtengea mhitimu wa kriminolojia. Muuguzi ana baraza lake, na asiyesajiliwa hapo hagusi mgonjwa. Wakili ana leseni, mhandisi ana bodi, mhasibu ana ICPAK. Aliyesomea kriminolojia huingia kila mahali kwa mlango wa watu wengine. Hilo haliifanyi shahada yake kuwa takataka. Linaifanya thamani yake itegemee mambo mawili kuliko kozi nyingi: umeinunua kwa bei gani, na ulikuwa nani siku uliyoinunua.

Wanasoma nini hasa

Kozi hii siku hizi haiko mbali na mtu. Egerton wanayo, Chuka wanayo, Dedan Kimathi kule Nyeri wana taasisi nzima ya kriminolojia, uchunguzi wa kisayansi na usalama, na Kenyatta wana binamu yake ya usimamizi wa usalama na masomo ya polisi. Majina yanatofautiana lakini kiini ni kimoja: kwa nini watu huvunja sheria, jamii hufanya nini wakivunja, na je, inachofanya kinasaidia?

Mwanafunzi ataanza na Mwitaliano Cesare Beccaria, aliyesema mwaka 1764 kwamba kinachomzuia mtu kufanya kosa ni uhakika wa kuadhibiwa kuliko ukali wa adhabu. Atakutana na Lombroso, aliyepima mafuvu ya vichwa akidhani mhalifu huzaliwa hivyo, na atafundishwa alikosea wapi. Atafika kwa Edwin Sutherland, Mmarekani aliyesimama mbele ya wanasosholojia wenzake mwaka 1939 akawaambia wanawasoma wezi wa mitaani huku wakiwasahau wenye suti. Kwa Mkenya, somo hilo halihitaji mifano ya kuagiza kutoka nje. Kisha kuna magereza, watoto wanaokosana na sheria, waathiriwa wa uhalifu, misingi ya sheria ya ushahidi, mbinu za utafiti, na takwimu. Takwimu ndilo somo ambalo wengi hulikimbia, na kwa maoni yangu ndilo lenye soko kuliko yote niliyoyataja.

Kinachowapotosha wengi ni kudhani kwamba hii ni kozi ya maabara. Tuangalie Shakahola, ambako mamia ya wafuasi wa mhubiri mmoja walikufa, wengi wakidaiwa kufunga kula. Makaburi yalipoanza kufukuliwa katika msitu ule wa Kilifi mwezi Aprili 2023, na hesabu ya miili hatimaye kupita 400, kila kazi ilikuwa na mwenyewe. Waliopasua miili kutafuta chanzo cha kifo walikuwa madaktari wa patholojia. Waliolinganisha chembe za DNA za marehemu na za jamaa zao walikuwa watu wa Mkemia Mkuu wa Serikali, ambako ukitaka kuingia unasomea kemia au biokemia. Waliorekodi taarifa za mashahidi na kuzifunga kwenye faili walikuwa wapelelezi wa DCI, idara ambayo maafisa wake wengi walianza wakiwa makonstebo. Waliosimama kortini kushtaki walikuwa mawakili kutoka afisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma.

Mwanakriminolojia yuko wapi? Yuko kwenye maswali yanayobaki kila mmoja akishamaliza kazi yake. Mamia ya watu walishawishiwaje kuacha kazi, shule na mashamba waende msituni? Mhubiri aliyekuwa amewahi kukamatwa miaka ya nyuma aliendeleaje bila kuzuiwa? Mfumo wa kuonya ulikatikia wapi: kwa chifu, kituo cha polisi, au mahakamani? Manusura, hasa watoto, warudishwe vipi katika jamii? Ni maswali mazito, na nchi isiyoyajibu itafukua makaburi mengine. Ila mzazi ana swali lake la pili: nani hulipa mshahara wa kuyauliza?

Wapo, ila ni wachache. Kuna Kituo cha Kitaifa cha Utafiti wa Uhalifu jijini Nairobi, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1997, ambacho kazi yake ni hiyo hasa. Kuna wahadhiri, na kuna mashirika ya kijamii yanayofanya utafiti kwa pesa za wafadhili. Kuna ofisi ya Umoja wa Mataifa ya dawa za kulevya na uhalifu pale Gigiri, ambako nafasi za kitaalamu kwa kawaida huwataka watu wenye uzamili na uzoefu wa miaka. Ukivijumlisha viti vyote hivyo kisha uvilinganishe na wahitimu wa mwaka mmoja tu, utaelewa kwa nini wengi wao huishia kugonga milango ya wengine.

Milango yenyewe

Nitasema wazi ninaoupenda: probesheni. Watu wengi hata hawajui kazi hii ipo. Hakimu anapotaka kumhukumu mtu, anaweza kumwagiza afisa wa probesheni aende kijijini kwa mshtakiwa, azungumze na familia, jirani, chifu na aliyekosewa, kisha alete ripoti: huyu ni mtu wa aina gani, akiachiliwa jamii itampokea? Tangu Sheria ya Amri za Huduma kwa Jamii ya mwaka 1998, maafisa hawa pia ndio wanaosimamia wafungwa wa makosa madogo wanaofagia zahanati au kupanda miti badala ya kujaza magereza. Na Mahakama ya Juu ilipoamua Desemba 2017, katika kesi ya Muruatetu, kwamba adhabu ya kifo haiwezi kuwa ya lazima bila jaji kuangalia mazingira ya kosa, wafungwa wengi walirudi kortini kuomba kuhukumiwa upya, na ripoti za probesheni zikawa na uzito ambao hazikuwahi kuwa nao. Hapa mwanakriminolojia anafanya alichosomea. Tatizo ni kwamba nafasi hutangazwa na serikali kwa msimu, na mlangoni atamkuta mwenye sosholojia, mwenye saikolojia na mwenye ustawi wa jamii, wote wakiruhusiwa kuingia.

EACC, ile tume ya ufisadi, na IPOA, mamlaka inayowachunguza polisi, nako ni hivyo hivyo. Matangazo ya wachunguzi kwa kawaida hutaja shahada kadhaa kwa pamoja, sheria, uhasibu, kriminolojia na kadhalika, kisha juu yake uzoefu wa miaka ambao mhitimu mpya hana. Utawala wa serikali, yaani wasaidizi wa makamishna wa kaunti, huwachukua wenye shahada za sayansi za jamii kwa jumla. Magereza huajiri warda kwa cheti cha kidato cha nne.

Ulinzi wa kibinafsi ni sekta kubwa mno. Ina sheria yake tangu 2016 na mamlaka yake ya kuisimamia, lakini malipo yake ya chini yanasikitisha. Mwaka 2024 mamlaka hiyo ilitaka mlinzi wa Nairobi asilipwe chini ya Sh30,000 kwa mwezi. Kampuni zilikwenda kortini na agizo likasimamishwa. Mwenye shahada hajaisomea ili asimame langoni, bila shaka, hutaka kuwa meneja wa usalama wa hoteli, kiwanda au chuo. Viti hivyo vipo na vinalipa, ila mara nyingi hukaliwa na wanajeshi na maafisa wa polisi waliostaafu, kwa sababu mwajiri anaamini miaka 20 ya sare kuliko miaka minne ya darasa. Huko Ghuba, ambako Wakenya wengi wamekwenda kulinda majengo, mambo hayabadiliki: Dubai inataka leseni ya ulinzi ya SIRA, ambayo hupatikana bila shahada, na aliyetoka Egerton na digrii atasimama zamu moja na aliyetoka kidato cha nne, kwa malipo yale yale.

Mlango ambao wanafunzi wengi hawauoni ni benki na pesa za simu. Februari 2024 Kenya iliwekwa na FATF, shirika la kimataifa linalofuatilia utakatishaji wa pesa, kwenye orodha ya nchi zinazochunguzwa kwa karibu. Hatua kama hiyo huzibana benki, Sacco, kampuni za kamari na hata mawakili: lazima wajue pesa ya mteja imetoka wapi, waandike taarifa za miamala inayotia shaka, wawe na watu wa kuzisoma. Ongeza ulaghai wa laini za simu, ule uliokifanya kituo kidogo cha biashara cha Mulot, mpakani mwa Bomet na Narok, kijulikane nchi nzima. Kwa nini pale? Vijana walijifunza kwa nani, na walichagua vipi wa kumpigia? Hilo ni swali la kriminolojia kabisa, na kuna kampuni zenye pesa zinazotaka jibu lake. Lakini hazitamwita mtu aliyeishia kumkariri Lombroso. Zitamwita anayejua kufungua jedwali la miamala 50,000 na kuona ipi haikai sawa.

Sasa pesa

Zamani hesabu ilikuwa rahisi. Mwanafunzi aliyepelekwa chuo kikuu cha umma na serikali alilipa Sh16,000 za masomo kwa mwaka, na nyingine zikafidiwa na umma. Kwa bei hiyo, kriminolojia ilikuwa uamuzi usio na hatari kubwa.

Mwaka 2023 mfumo ukageuzwa. Kila kozi sasa ina gharama yake kamili, na familia huwekwa katika bendi kulingana na uwezo. Bendi ya kwanza hupata ufadhili wa asilimia 70, mkopo wa asilimia 25 na familia hulipa asilimia 5. Ya pili ni 60, 30 na 10. Ya tatu 50, 30 na 20. Ya nne 40, 30 na 30. Ya tano, ya wanaohesabiwa kuwa na uwezo, ni 30, 30 na 40. Desemba 2024 Mahakama Kuu ilisema mfumo huu unakiuka Katiba, kesi ikaenda rufaa na mfumo ukaendelea kutumika. Julai 2025 serikali ikatangaza kupunguza ada za kozi kwa kati ya asilimia 15 na 40. Kwa hiyo usiamini takwimu ya mwaka jana uliyotumiwa kwenye WhatsApp, ingia mwenyewe kwenye mtandao wa KUCCPS uone bei ya kozi na chuo unachokitaka, mwaka huu.

Tuchukue mfano wa kukokotoa, si bei ya chuo chochote. Tuseme kozi inagharimu Sh150,000 kwa mwaka na mwanafunzi yuko bendi ya tatu. Ufadhili utabeba 75,000, mkopo 45,000, na familia 30,000. Kisha kuna mkopo wa matumizi, ambao kwa bendi hiyo uliwekwa kuwa Sh50,000 kwa mwaka. Ukiugawa kwa miezi tisa ya masomo ni kama Sh5,500 kwa mwezi, na ndani yake utoe chumba, chakula, intaneti na nauli. Mzazi ataongezea, hakuna njia. Baada ya miaka minne familia imetoa Sh120,000 za karo pamoja na hicho cha kuongezea, na mwanafunzi anadaiwa Sh380,000.

Deni la HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya elimu ya juu, lina riba ya asilimia 4 kwa mwaka, nafuu ukilinganisha na benki yoyote. Unatarajiwa kuanza kulipa mwaka mmoja baada ya kumaliza, na ukichelewa kuna faini ya Sh5,000 kila mwezi, ambayo kwa asiye na kazi ni kama kupigwa ukiwa umeanguka. Ukipata kazi na kukatwa Sh5,000 kwa mwezi, Sh380,000 zitakuchukua zaidi ya miaka saba, hata ukiiacha kando riba ya miaka ya masomo. Na ili uajiriwe serikalini utaombwa cheti cha HELB cha kuonyesha unalipa au huna deni, pamoja na cheti cha tabia njema, cha KRA (mamlaka ya kodi), cha EACC na cha mashirika ya kumbukumbu za mikopo. Asiyelipa kwa kukosa kazi hujikuta akikosa kazi kwa kutolipa.

Chuo cha binafsi ni hesabu nyingine kabisa. Wanafunzi wapya wa huko hawapati ule ufadhili wa serikali chini ya mfumo wa 2023, hupata mkopo tu. Kikitoza, tuseme, Sh70,000 kwa muhula, mihula minane ni Sh560,000 kabla hujala. Kwa kozi yenye leseni mwishoni, mtu anaweza kukopa kiasi hicho akijua atakirudisha. Kwa kriminolojia, kwa mtu wa miaka 19 asiye na kazi, mimi singeshauri.

Kuna gharama moja isiyoandikwa kwenye fomu yoyote, nayo ndiyo kubwa kuliko zote. Mwenzake wa D+ aliyeingia polisi mwaka ule ule amekuwa akipata mshahara. Tuseme, kwa mfano tu, hupokea Sh25,000 mkononi. Ukitoa miezi tisa ya mafunzo, miezi 39 iliyobaki katika ile miaka minne humpa Sh975,000. Jumlisha na 120,000 za familia na 380,000 za mkopo: shahada ya "serikali" imefika Sh1,475,000. Ikikuongezea Sh10,000 kwa mwezi juu ya ambacho ungepata bila hiyo, utahitaji zaidi ya miaka 12 kurudi pale ulipoanzia.

Hapo ndipo wengi huishia na kusema kozi haina maana. Mimi nadhani wanaharakisha. Mshahara uliopotea ni wako tu iwapo kweli ungeupata. Usajili wa polisi haufanyiki kila mwaka, na ukifanyika ni bahati nasibu yenye kasoro zake. Julai 2014 walisajiliwa makurutu 10,000 nchi nzima. IPOA ikaenda kortini ikilalamikia ufisadi, na mwezi Oktoba Mahakama Kuu ikaufuta usajili wote. Vijana waliokuwa wamekwishaaga nyumbani wakabaki nyumbani. Usajili mwingine wa konstebo 10,000 ulipofika Novemba 2025, ulikuwa umetanguliwa na mvutano wa kisheria kuhusu nani mwenye mamlaka ya kuajiri, Tume ya Huduma ya Polisi au Inspekta Jenerali. Kwa kijana ambaye nafasi yake ya kuchukuliwa ni moja kwa kumi, hasara ya kwenda chuo badala ya kungoja uwanjani haifiki 975,000, ni sehemu ya kumi ya hiyo. Na chuo hakimfungii mlango wa kituo cha usajili: aliyeanza na miaka 19 atamaliza na 23 au 24, na bado ana miaka minne ya kujaribu kabla ya kugonga 28.

Ila asiende akidhani shahada itamlipia akiwa ndani. Kwa miaka mingi konstebo mwenye digrii alilipwa mshahara wa inspekta, na wengi walisoma kwa sababu hiyo. Mwaka 2018 utaratibu huo ulifutwa, mishahara yao ikashushwa hadi ya konstebo, na maafisa wakakimbilia kortini huku mikopo waliyochukua kwa kutegemea hati ya mshahara wa zamani ikiendelea kuwakata. Nafasi za kuingia moja kwa moja kama kadeti wa inspekta zipo kwenye vitabu, hutangazwa kwa nadra, na hapo pia shahada yoyote nzuri hushindana.

Nani anafaa kuinunua

Afisa aliyeko kazini ndiye ninayemwona akiitumia vizuri kuliko wote. Chukua konstebo wa miaka 30 aliyeko kituoni, anayesoma wikendi au kwa masafa. Hapotezi mshahara. Hata akilipa, tuseme, Sh480,000 zote kutoka mfukoni mwake, shahada ikimsaidia kupanda hadi mahali panapompa Sh10,000 zaidi, amezirudisha kwa miaka minne. Kupanda si jambo la hakika, lakini elimu huangaliwa vyeo vinapogawanywa, na akistaafu atakuwa na vyote viwili anavyovitaka yule mwajiri wa meneja wa usalama: sare na karatasi. Isitoshe, anasoma akiwa na kesi halisi kichwani. Beccaria humwingia haraka mtu aliyewahi kumkamata kijana yule yule mara tano kwa kosa lile lile.

Wa pili ni kijana wa bendi ya kwanza au ya pili, chuo cha umma, ambaye anaijua kazi anayoitaka, iwe probesheni, utafiti au kazi za watoto, na ambaye hakufikisha alama za sheria. Familia ikilipa asilimia 5 au 10, hatari inabebeka.

Wa kuonywa ni yule aliyeijaza kwa sababu jina lilimvutia na alama zake zilitosha kuingia kozi yenye soko la wazi zaidi. Kama alama zinakuruhusu kusomea takwimu, uhasibu, sayansi ya kompyuta au sheria, unaweza kuingia kwenye uchunguzi wa uhalifu kwa mlango huo na ukawa na pa kurudi usipoingia. Sheria ya makosa ya kompyuta ya mwaka 2018 na ile ya kulinda data ya 2019 zimefungua kazi, na anayezipata mara nyingi ni mtu wa kompyuta aliyejifunza sheria kidogo kuliko mtu wa kriminolojia aliyejifunza kompyuta kidogo. Kinachomwokoa huyu wa pili ni kuanza mapema.

Kuanza mapema kunamaanisha mambo ya kawaida kabisa. Kuchukua kila somo la takwimu linaloruhusiwa, hata lile la hiari la idara nyingine. Kufanya mitihani ya uhasibu ya CPA ngazi ya mwanzo wakati wa likizo ndefu, kama pesa ipo. Kuandika utafiti wa mwaka wa nne juu ya jambo ambalo mwajiri fulani analihangaikia, tuseme ulaghai wa mikopo ya simu katika soko moja unalolijua, badala ya kurudia mada ya "sababu za uhalifu miongoni mwa vijana" ambayo rafu za maktaba zimejaa.

Na kuna mafunzo ya nyanjani ya mwaka wa tatu. Wanafunzi wengi huyachukulia kama wiki za kupigwa mhuri kwenye daftari: wanakwenda kituo cha polisi kilicho karibu na nyumbani, wanapewa kitabu cha matukio wakitazame, wanarudi. Kituo cha polisi hakiajiri, usajili hufanyika viwanjani. Ofisi ya probesheni ya kaunti, gereza lenye kitengo cha urekebishaji, idara ya kuzuia ulaghai ya Sacco kubwa au shirika linalotetea watoto mahakamani ni mahali ambapo mtu mmoja anaweza kukuona ukifanya kazi na kukukumbuka nafasi ya mkataba ikitokea. Barua za kuomba sehemu hizo ziandikwe muhula mmoja kabla, si wiki mbili kabla, kwa sababu huwa wanachukua watu wawili au watatu tu, na anayewahi ndiye hupewa.